Odile Kanku, fundi anayevuta mtandao kwenye nyumba zinazobomoka

Saa tatu asubuhi, Odile Kanku yuko darini mwa nyumba ya Mama Henriette. Amelala kifudifudi juu ya mbao, tochi kaibana kwa meno, anavuta kebo ya bluu chini ya mabati. Jasho linamwingia machoni. Kila akisogeza goti, dari inalia.

"Mama Odile, uko muzima?" sauti inauliza kutoka chini.

"Niko muzima, mama. Usiangalie juu, vumbi itakuingia mu macho."

Henriette anacheka kidogo. Ni mjane wa miaka sabini na ushei, mkunga mstaafu aliyewapokea duniani nusu ya vijana wa cité ya Musonoi, kitongoji kilicho kando ya mgodi. Kiharusi kimemwachia upande mmoja tu wa mwili. Ameketi sebuleni kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya kompyuta ndogo ya kuazima, kitenge kipya mabegani, kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

Na kweli anasubiri kuitwa.

Mchana huu, kamati inayoshughulikia wakazi wanaohamishwa inakaa Manika, katikati ya mji wa Kolwezi, kusini mwa Kongo. Mgodi unapanuka, shimo linasogea, na nyumba zote za Avenue Masuku zinatakiwa kuondoka. Kila mwenye nyumba ataulizwa jambo moja: anakubali kupelekwa kwenye eneo jipya, mbali upande wa magharibi kwenye njia ya Kasaji, au ana sababu ya kuomba abaki karibu na mji? Asiyeweza kufika anaruhusiwa kujibu kwa video. Asiyejibu anahesabiwa kuwa amekubali.

Wiki iliyopita Henriette aliitwa kwa video, na picha ikakwama. Huko Manika walimwona mwanamke aliyeganda, mdomo wazi, hana sauti. Wakamwita tena. Kimya. Wakaenda kwa mwingine.

"Mi nilikuwa naongea," anasema Henriette. "Nilikuwa naongea na nguvu yote. Bo habakusikia hata neno moja."

Eneo jipya lina nyumba na ardhi ya kulima. Halina zahanati. Henriette hupelekwa hospitali kila wiki kwa ajili ya moyo na viungo, na kutoka kule njia ya udongo humeza magari wakati wa mvua. Mpwa wake alikwenda kulia mlangoni kwa kamati hadi wakamkubalia mama huyu nafasi moja zaidi. Nafasi hiyo ndiyo ya leo.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili mwaka 2022, katikati ya msimu wa mvua wa Lualaba, wakati mbingu hazina huruma na udongo wa Musonoi unageuka uji.

Odile, ambaye wakati huo alikuwa na miaka thelathini na saba, alikuwa ameitwa siku iliyotangulia. Kazi yake ni kuweka rezo, jina ambalo watu wa Kolwezi huuita mtandao wa aina yoyote. Wateja wake ni washonaji, wauza simu, wanafunzi wa chuo, na wazazi ambao watoto wao wako mbali. Wiki nzuri humpa kazi tatu. Wiki ya mvua inaweza kupita bila hata moja, na hapo yeye na watoto wake wawili hula bukari, yaani ugali, na matembele asubuhi mpaka jioni bila kulalamika.

"Batu banafikiri rezo mubaya inatoka mbinguni," anasema. "Banainua simu juu, banazunguka nayo mu kiwanja. Kumbe mara mingi matatizo iko ndani ya nyumba."

Ndivyo ilivyokuwa Avenue Masuku. Intaneti ya mtaa ule ilifika kwenye antena iliyokuwa juu ya duka la Feruzi, msafirishaji wa mahindi na mafuta ya mawese ambaye baba yake alitoka Maniema. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na mlango wa Henriette. Odile alichomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye waya wa antena, na picha ikapita laini kabisa. Akaichukua hiyo hiyo kompyuta hadi sebuleni kwa Henriette. Picha ikafa.

Kati ya duka na sebule kulikuwa na kuta mbili za matofali, mlango wa bati, na ruta moja ya zamani ambayo Feruzi aliinunua ikiwa tayari imetumika. Ruta hiyo ndiyo ilibeba kila simu ya mtaa, pamoja na za wateja wake waliokuja kununua chumvi wakabaki barazani kutazama mpira.

"Ilikuwa moto sawa pasi," Odile anakumbuka. "Nikaigusa, nikatoa mukono."

Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza kwa muda uliokuwepo. Ruta mpya, yenye nguvu zaidi, ikae dukani chini ya antena. Ifuatiwe na swichi, kisanduku chenye matundu ya kugawa mtandao kwa waya. Tundu moja lipeleke kebo hadi kwa Henriette bila kupitia hewani. Tundu jingine libaki na ruta ya zamani kwa ajili ya wateja wa duka, na ndani ya ruta mpya aandike amri kwamba kebo ya Henriette ipite kwanza, wengine wasubiri. Betri ya gari ikae chini ya kaunta, kwa sababu umeme wa Musonoi hauagi ukiondoka.

Ruta alikuwa nayo, mali ya mteja wa Manika aliyekubali kungoja. Swichi hakuwa nayo. Akaenda nyumbani kwake, mwisho wa mtaa huohuo, akaing'oa ile iliyokuwa ukutani mwake.

Nyumba yake nayo ilikuwa miongoni mwa zilizotakiwa kuondoka. Jina lake lilikuwa liitwe mchana huohuo, baada ya Henriette. Alipaswa kuwa Manika, amevaa vizuri, ameketi kwenye benchi pamoja na wengine. Aliamua atajibu kwa kebo ileile atakayoivuta.

Mtu akimuuliza kwa nini alijiingiza kiasi hicho, Odile hurudi nyuma hadi utotoni.

Alizaliwa Kolwezi, lakini wazazi wake walikuwa na asili ya Kasai, upande wa kaskazini. Baba yake, Badibanga, alikuwa fundi wa simu mgodini, mtu wa kupanda nguzo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kazi za migodini zilipoporomoka na siasa ikatafuta wa kulaumiwa, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao kote Katanga, mkoa ambao Kolwezi ilikuwa ndani yake. Odile alikuwa na miaka minane. Familia yake iliishi stesheni ya Kolwezi chini ya turubai, pamoja na maelfu ya wengine, ikingoja treni.

"Mudogo wangu alikufa palepale, na tumbo," anasema. "Maji ilikuwa mubaya. Mama alimufunga mu kitambaa ya kitanda."

Treni ilipokuja, watu walijazwa kwenye mabehewa ya mizigo. Badibanga aliwapandisha mke na watoto, akarudi kuchukua masufuria. Mlango ukafungwa. Akapanda behewa jingine, au treni nyingine, hakuna aliyejua. Miezi mingi baadaye, wakiwa Mwene-Ditu, mtu waliyekutana naye sokoni aliwaambia kwamba Badibanga aliugua njiani akazikwa kando ya reli.

"Yeye alikuwa mutu wa simu," Odile anasema. "Na sisi tulikosa habari yake miezi yote ile. Ile kintu haijanitoka."

Alisomea umeme Mbujimayi, akaolewa, akaachika. Mwaka 2009, migodi ilipofufuka, alirudi Kolwezi na begi moja. Alianza kwa kutengeneza simu kwenye meza ya mbao sokoni Manika, kisha fundi mmoja wa Lubumbashi akamfundisha kebo na ruta. Nyumba ya Musonoi aliinunua kidogo kidogo. Wapo majirani waliomwambia waziwazi kwamba hapa si kwao. Henriette hakuwa mmoja wao. Ndiye aliyemzalisha mtoto wa pili, usiku wa mvua, bila kudai kitu.

Kebo ilipokwisha kuvuka barabara, ikipita juu kwenye waya wa chuma, Odile alichuchumaa kwenye sakafu ya Henriette na kuanza kuifunga kichwa. Ndani ya kebo mna nyaya nane nyembamba zenye rangi, na kila moja ina nafasi yake. Ukikosea moja, kebo nzima inaweza kuwa kamba ya kuanikia nguo.

Alizipanga, akazikata sawasawa, akazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki, akabana kwa koleo. Akachomeka kipimo. Taa ndogo zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, kisha moja ikaruka.

"Nini?" Henriette aliuliza.

"Waya moja haikukamata. Nakata, naanza tena."

"Kule Manika beko banaanza sasa, mama Odile."

"Najua, mama."

Akakata, akaanza upya. Safari hii taa zote ziliwaka. Alipochomeka kompyuta, Feruzi alikuwa ameshasimama mbele ya kamera ya simu yake dukani kwa majaribio. Uso wake ulitokea papo hapo, mkubwa, na jino lake la dhahabu.

"Mama Henriette!" alipaza sauti. "Unaniona?"

"Nakuona mupaka ndebu za mu pua!"

Wakacheka wote watatu. Kisha king'ora cha mgodi kikalia.

Wakazi wa Musonoi wanakijua king'ora hicho. Maana yake ni kwamba mwamba utalipuliwa shimoni, na aliye karibu atulie. Kwa kawaida nyumba hutikisika, vikombe hugongana kabatini, na maisha huendelea. Odile aliweka kiganja juu ya kompyuta isianguke. Henriette alifumba macho.

Mshindo ulipita chini ya miguu yao. Vikombe vikalia.

Halafu, nyuma ya nyumba, ikasikika sauti kama ya mtu anayerarua turubai polepole.

"Niligeuka," Odile anasimulia, "nikaona mwangaza mu chumba ya kulala. Pale haikuwa na dirisha."

Ukuta wa nyuma, uliokuwa na ufa tangu mwaka uliotangulia, ulikuwa umelala nje kwenye bustani. Kitanda cha Henriette kilikuwa kimezikwa nusu na matofali. Paa lilikuwa limebinuka, na kupitia tundu lile aliona ukingo wa shimo, karibu kuliko alivyowahi kuuona. Vumbi likawafikia kama moshi.

Kompyuta ilizimika picha. Kebo ilikuwa imekatwa na boriti.

Odile hakumbuki kama alifikiri. Alishika kiti cha magurudumu kwa nyuma, akakisukuma. Gurudumu la mbele likakwama kwenye kizingiti. Akakizunguka kiti, akaliinua kwa mikono miwili, akarudi nyuma, akasukuma tena. Feruzi alikuwa ameshavuka barabara akikimbia bila viatu. Wakambeba Henriette na kiti chake juu juu katikati ya matope hadi dukani.

"Kompyuta!" Henriette alikuwa anasema. "Kompyuta imebakia! Bananiita!"

"Acha kompyuta, mama," Feruzi alimwambia. "Shukuru Mungu."

Odile alitazama nyumba, akatazama swichi iliyokuwa ikipepesa taa zake za kijani chini ya kaunta. Umeme ulikuwa umekatika na mshindo, lakini betri ilikuwa ikifanya kazi yake. Ruta ilikuwa hai. Antena ilikuwa hai. Kilichopotea ni kebo moja tu, na begani bado alikuwa na mkoba wenye bunda la kebo iliyobaki.

Alitoa kompyuta yake mwenyewe kwenye mkoba huo, ile ya kazi, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Akaifungua juu ya gunia la mahindi, akaichomeka kwenye swichi kwa kipande kifupi, akaita Manika.

Uso wa mwenyekiti wa kamati ukatokea. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, amechoka. Sauti yake ilisikika kana kwamba yuko nyuma ya kaunta.

"Ni nani?"

"Ni mama Henriette wa Avenue Masuku, tata mwenyekiti," Odile alisema, akimwita baba kwa heshima. "Huyu hapa."

"Ehe, leo tunakuona vizuri, mama. Tunakusikiliza. Unakubali kuhamia eneo jipya?"

Henriette alifungua mdomo, na kwa muda mrefu hakuna kilichotoka. Odile aliitazama picha upesi, akidhani imeganda tena. Haikuwa imeganda. Machozi yalikuwa yanateremka kwenye shavu la mama yule, upande mmoja.

"Sikubali," hatimaye alisema. "Mi naomba Manika, karibu na hospitali. Moyo yangu ni mugonjwa. Mimi sikatai kutoka. Nyumba yenyewe imekwisha kutoka mbele yangu."

"Imetoka vipi, mama?"

"Imeanguka, tata. Sasa hivi. Ulipotuma mutu kupima, alisema ni ufa ya kawaida."

Huko Manika watu walinong'ona. Mwenyekiti akaomba aonyeshwe. Odile alikwisha kuanza kufunga kichwa cha kebo ndefu, safari hii bila muda wa kukipima, vidole vikienda vyenyewe kwenye rangi. Alipoichomeka badala ya ile fupi, taa ya swichi ikawaka. Akabeba kompyuta hadi mlangoni, akashuka barazani, kebo ikimfuata kwenye matope, akaielekeza ng'ambo. Nyumba iliyopinda. Paa lililobinuka. Pazia la mlango wa chumba cha kulala likipepea nje, upande wa shimo.

Kule Manika mwenyekiti aliandika.

Wakati huo ndipo gari la walinzi wa mgodi lilipoingia mtaani. Aliyeshuka kwanza aliitwa Kitenge, mkubwa wa zamu, kijana mnene wa palepale Musonoi. Nyuma yake wenzake walianza kufunga mtaa kwa utepe mwekundu na mweupe.

"Mutoke! Mutoke bote! Udongo unaendelea kuanguka!"

Majirani walianza kubeba walichoweza. Magodoro, masufuria, mbuzi. Kwa kitambo kidogo Odile hakuwa Avenue Masuku, alikuwa stesheni, na mtu alikuwa akipiga kelele vilevile, mutoke bote.

Kitenge aliingia dukani, akaona betri na nyaya, akainama kuzichomoa.

"Usiguse," Odile alimwambia.

"Mama, hapa ni hatari. Mi niko na amri."

"Najua ni hatari. Mimi nimemutoa huyu mama ndani sasa hivi. Ukichomoa hii, kule Manika anaandikwa sawa mutu asiyejibu. Anakwenda kufia mu njia ya Kasaji. Acha amalize kuongea."

Redio ya Kitenge ilikuwa ikipiga kelele kiunoni, ikimwamuru atoe taarifa. Alimtazama Henriette kwenye kiti. Henriette naye akamtazama.

"Wewe ni mutoto ya Mamie wa avenue ya shule," alisema. "Ulitanguliza matako."

Feruzi aligeuza uso asicheke. Kitenge akaupeleka mkono kiunoni, akapunguza sauti ya redio.

"Aongee upesi," alisema. "Upesi, nawaomba."

Henriette akaongea. Alieleza ugonjwa wake, alitaja daktari wake, alieleza jinsi safari ya hospitali inavyomchosha hata ikiwa fupi. Mwenyekiti aliuliza, akajibu. Picha haikukwama hata mara moja. Mwishoni mwenyekiti alisema kwamba ombi lake limepokelewa, na kwamba kutokana na walichokiona, hatalala tena mtaa ule hata siku moja. Gari litatumwa kumpeleka Manika jioni hiyo.

Kisha mwenyekiti akasoma kwenye kioo chake jina la mwenye kompyuta, akasema, "Odile Kanku, tunakuona upo. Familia mbili ziko mbele yako, halafu tunakuita. Usikate."

Feruzi alimshika mkono. "Bakia. Sisi tunamutoa mama. Wewe bakia ujibu."

Odile alitazama chini. Kwenye saruji ya duka, kutoka kwenye mguu wa kaunta hadi mlangoni, kulikuwa na mstari mwembamba ambao asubuhi haukuwepo. Kitenge naye aliuona. Hakupaza sauti tena.

"Mama," alisema, "mi nakuomba sawa mutoto yako."

Watoto wake Odile walikuwa shule. Alifikiri watakaporudi watamkuta nani. Familia mbili zingeweza kuchukua muda mfupi, au mrefu. Akamwambia mwenyekiti, "Tata, siwezi kungoja. Hapa panaanguka." Mwenyekiti alianza kusema jambo kuhusu utaratibu. Odile alizima.

Alichomoa swichi, akachomoa ruta ya mteja wa Manika, akaifunga kwenye blauzi yake ya ziada. Wakamsukuma Henriette hadi barabara kubwa. Antena ilibaki juu ya paa.

Jioni ile mvua ilinyesha kwa hasira. Upande mzima wa nyuma wa Avenue Masuku uliteremka shimoni, na duka la Feruzi nalo likagawanyika katikati, kaunta upande mmoja, mlango upande mwingine. Hakuna aliyekufa. Utepe ulikuwa umefungwa, na watu walikuwa wametoka.

Wiki chache baadaye mtaa uliobaki ulibomolewa kwa mashine. Henriette alipata nyumba ya vyumba viwili Manika, umbali wa kusukumwa kwa kiti hadi hospitali. Odile, aliyeitwa akiwa bado njiani na Henriette na kuandikwa kuwa hakujibu, alipangiwa eneo jipya kwenye njia ya Kasaji. Alikwenda kuomba asikilizwe tena. Aliambiwa vikao vimefungwa.

Je, anajuta?

"Nilikasirika," anasema bila kuzungusha. "Nilikasirika sana. Siku ya kupakia bitu mu lori nilikaa juu ya kitanda yangu, nikalia mupaka batoto baliogopa. Miaka yote ile, halafu tena kupakiwa. Lakini kusema ningebakia pale nimungoje mwenyekiti aniite? Hapana. Mi niko na batoto."

Feruzi, ambaye lori lake ndilo lililobeba vyombo vya familia nyingi, husema Odile alishuka eneo jipya, akatazama nyika, nyumba za bati zilizopangwa mistari, na baiskeli za wauza makaa zikipita, akauliza swali moja tu: "Mnara wa simu uko upande gani?"

Leo anaishi huko. Rezo ya kwanza aliiweka kwa mjumbe wa wakazi, ya pili kwenye duka jipya la Feruzi. Kazi ni chache kuliko mjini, na nyingine hulipwa kwa mihogo. Wanawake wawili wa eneo lile, Ernestine na Shekina, wameanza kujifunza kwake. Asubuhi moja mwezi huu walikuwa wameketi mkekani, kila mmoja na kipande cha kebo, wakigombana kuhusu waya wa kahawia unakaa wapi.

"Mi sitaki bangoje mimi," Odile anasema. "Nikigonjwa, au nikienda Kolwezi, nani atafanya?"

Mradi anaoupigania sasa ni zahanati. Wakazi wamefyatua matofali wenyewe, na muuguzi mmoja amekubali kuja mara kwa mara. Odile amezungumza na hospitali moja ya Kolwezi ili muuguzi huyo aweze kuonana na daktari kwa video wakati mgonjwa yuko mbele yake. Amepanga antena ikae juu ya tangi la maji, swichi ndani ya chumba cha dawa, na waya mmoja uende moja kwa moja kwenye meza ya muuguzi. Henriette, kutoka Manika, ameahidi kuwashauri wajawazito siku za Alhamisi, na husisitiza mbele ya yeyote kwamba upande mmoja wa mwili unatosha kwa kazi hiyo.

Pembeni ya kiwanja cha zahanati hiyo, Odile anajenga nyumba yake ya matofali. Kuta zimefika kifuani. Anazunguka akionyesha, huku akiruka madimbwi: hapa jikoni, hapa batoto, hapa meza ya kazi. Ndani ya ukuta wa sebule yamelazwa mabomba membamba ya plastiki, tupu bado, yakitokeza ncha zao juu ya matofali.

Ni ya kebo, anaeleza. Katika nyumba zote alizowahi kukaa, alipigilia kebo zake nje ya ukuta, kwa vibanio, ili zitoke upesi akilazimika kuhama.

"Hii nazika ndani," anasema, akilipigapiga bomba kwa kiganja. "Halafu juu yake naweka plasta."